Kanda ya Jumamosi Uliyoimba

Nyumbani,
Jumapili, saa tatu asubuhi.

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umekaa, miguu juu ya kigoda kama daktari alivyokuagiza, na si umesimama jikoni ukigombana na sufuria. Mimi ni mzima kwa kadiri ya umri. Jicho la kushoto nililofanyiwa upasuaji linaona vizuri kuliko la kulia, na wifi yako anasema sasa nimeanza kuliona vumbi ambalo miaka yote lilikuwa likiniona mimi. Anakusalimu sana. Watoto hawajambo. Yule mkubwa bado ananiahidi simu mpya ili niwe nakupigia huku tukitazamana, nami bado namjibu kwamba barua haiishiwi chaji. Ukweli ni kwamba haya ninayotaka kukuandikia nisingeweza kuyasema huku unanitazama.

Barua yako niliipata miezi mitatu iliyopita. Najua umekuwa ukijiuliza kama ilipotea njiani. Haikupotea. Imekaa kwenye droo ya meza hii hii, nami nimeisoma mpaka mikunjo yake imeanza kuchanika. Nisamehe kwanza kwa hilo la kuchelewa. Kwa mengine tutafika.

Uliniandikia kwamba ulisikia redioni kuwa televisheni niliyokuwa nikifanyia kazi inatafuta kanda za zamani za Jukwaa la Jumamosi, ili wazikusanye na kuzionyesha upya. Ukanieleza pia ya kitinda mimba wako, mwalimu, jinsi alivyowaambia wageni mezani kwamba kila familia ina mtu ambaye nusura awe maarufu, na kwenu ni mama. Alitania tu, hakuwa na ubaya. Wageni wakacheka, nawe ukacheka nao, kisha ukainuka kwenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa. Halafu ukaandika maneno ambayo nimeyabeba tangu siku hiyo: "Sitaki sifa, mdogo wangu. Nataka tu watoto wangu wajue kwamba sikuwa nasema uongo." Ukaniomba niende nikaitafute kanda yako, huenda kuna nakala iliyosahaulika mahali.

Nilikwenda, Dada. Sikwenda haraka, lakini nilikwenda.

Jengo ni lile lile, ambalo sikuwa nimelikanyaga tangu nistaafu na kurudi kuishi mji huu, ila wamelipaka rangi ya maziwa na kuweka mlango wa kioo unaojifungua wenyewe. Mlinzi aliniuliza namtafuta nani. Nikasimama pale kama mtu aliyesahau jina lake, maana wote niliowajua ama wamestaafu ama wameshazikwa. Mwishowe nikasema natafuta kanda. Akanielekeza ngazi za kushuka chini, ambako siku hizi wameweka maktaba.

Mtunza maktaba ni binti mdogo, sidhani kama amefika thelathini, anayevaa sweta mchana kutwa kwa sababu chumba chake kinapozwa ili kanda zisiharibike. Nilipomwambia kwamba nilikuwa fundi sauti wa Jukwaa la Jumamosi aliinuka kwenye kiti, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Aliniambia kwamba kipindi kile kilirushwa kwa miaka tisa, kila Jumamosi, na katika Jumamosi zote hizo zimebaki kanda kumi na tisa tu. Nyingine zilifutwa ili zitumike tena, alisema, na nyingine hazikurekodiwa kabisa. Alisema kwa upole, kama daktari anayeeleza habari za mgonjwa wa mtu mwingine. Kisha akaniambia nirudi Jumatatu, maana alikuwa amempata mtayarishaji wa kipindi, naye ameahidi kuja.

Mtayarishaji ndiye Mama Saa, utamkumbuka, yule mwenye saa ya mkononi aliyoitundika shingoni kwa uzi wa kiatu ili asilazimike kukunja mkono akiitazama. Ana miaka themanini na minne na anatembea kwa fimbo, lakini ulimi haujaota kutu. Aliponiona hakuniuliza hali. Alisema, "Masikio, umezeeka vibaya." Kisha akanikumbatia, tukakaa viti vya mbele kama wanafunzi, binti akaweka kanda ya kwanza.

Sijui nikuelezeje. Picha zimepauka na watu wote wana rangi ya chai, lakini sauti, Dada, sauti ipo. Nilisikia mbao za studio zikilia chini ya miguu ya watu. Nilisikia mtu akikohoa kwenye benchi la tatu, nikamtambua kwa kikohozi chake: yule fundi viatu aliyekuwa haikosi Jumamosi hata moja. Unakumbuka jinsi tulivyozima feni zote dakika tano kabla ya saa kumi jioni, kwa sababu maikrofoni zilikuwa zinazinasa? Wanamuziki walikuwa wanalowa jasho kabla ya noti ya kwanza. Mpiga tarumbeta wa bendi ya reli alikuwa na viatu vinavyopiga kelele, nikamvulisha, akapiga tarumbeta saa nzima kwa soksi zilizotoboka vidoleni, na Mama Saa akawaonya wapiga picha wote kwamba atakayeshusha kamera chini ya magoti ya mtu huyo atafute kazi nyingine. Tulipoiona kanda hiyo tulicheka mpaka binti akatuletea maji. Yeye alikuwa anaona bwana mmoja aliyevaa suti. Sisi tulikuwa tunaziona soksi.

Mama Saa alimweleza binti maana ya kwenda hewani moja kwa moja siku zile. Hakukuwa na kurudia. Taa nyekundu ikiwaka, chochote kitakachotokea kinaingia sebuleni kwa watu kama kilivyo. Mwimbaji akisahau ubeti, nchi nzima inasahau naye. Alisema ndiyo maana watu walikipenda, kwa sababu walijua kwamba wale watu kwenye kioo wanaogopa kweli.

Tuliangalia kanda hizo kwa siku mbili. Kila moja ilipoisha nilikuwa najua kwamba wewe hutakuwemo, nami nikajifanya natarajia ijayo. Jumanne jioni, ya kumi na tisa ilipokwisha, Mama Saa aliendelea kukitazama kioo kitupu. Kisha akauliza, "Na ya yule dada wa shati iko wapi?"

Binti hakumwelewa. Basi Mama Saa akamsimulia, na mimi nikasikiliza kama mtu anayesomewa mashtaka.

Akamwambia kwamba kulikuwa na kiwanda cha kushona sare, na wafanyakazi wake walikuwa na bendi yao. Walisubiri zamu miaka miwili. Mwimbaji wao alikuwa msichana wa mashine ya vifungo, dada yake Masikio huyu hapa. Wimbo wake wa pili aliutunga mwenyewe, wa fundi cherehani aliyemshonea mteja shati, mteja asirudi kulichukua, na fundi kila siku analishusha, analipiga pasi, analitundika tena. Katikati ya ubeti wa pili uzi wa gita ukakatika. Mpiga gita akaacha, wa besi akadhani ameambiwa aache, naye akaacha, mpiga ngoma akabaki na vijiti hewani. "Na yule msichana," Mama Saa alisema, "hakugeuka hata kuwatazama." Uliendelea peke yako. Mwongoza picha alitaka kukata aende kwa mtangazaji, na Mama Saa akamshika mkono, akasema, "Mwacheni."

Hayo alimsimulia yeye. Mimi nina yangu ambayo hata yeye hana, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa na vipokea sauti masikioni. Uzi ulipokatika nilisikia pumzi yako ikikwama. Ilikuwa ndogo, hakuna mwingine aliyeisikia. Kisha nikasikia unameza mate, na sauti ikatoka chini zaidi kuliko ulivyoanza, kana kwamba umeamua kulieleza jambo lile kwa mtu mmoja tu. Nilishusha maikrofoni nyingine zote, moja baada ya nyingine, mpaka ikabaki yako. Sijawahi kufanya kazi nzuri kuliko ile. Mama alikuangalia akiwa kitandani, kwa televisheni ya jirani iliyogeuziwa dirishani kwetu, na jirani alituambia baadaye kwamba aliunyanyua ule mkono wake ambao kiharusi hakikuugusa na kuuacha juu mpaka ulipomaliza.

Binti alifungua daftari la zamani la kanda, lile kubwa lenye jalada la bluu. Akaipata namba. Akasoma kwa sauti: "Imeharibika kwa maji ya mvua." Akasema ni masikitiko. Mama Saa akakunja uso. Alisema, "Ile niliibandikia nyota nyekundu kwa mkono wangu, isiguswe. Maji yaliipataje?" Aliniuliza mimi, kwa kuwa mwandiko ulikuwa wangu. Nami, mtu mzima wa miaka sitini na sita, nikajibu kwamba ni zamani sana, sikumbuki vizuri. Nikaaga. Nilitembea mpaka nyumbani kwa miguu, nikapita kituo changu cha basi bila kukiona.

Dada, maji hayakuipata kanda yako. Hakuna mvua iliyoingia stoo mwaka ule wala mwaka mwingine wowote.

Unaikumbuka barua iliyoletwa studioni wiki tatu baada ya kipindi chako, ya yule kiongozi wa okestra iliyokuwa ikizunguka nchi hadi nchi. Alikuona akiwa hotelini, akaandika kwamba ana nafasi ya mwimbaji, ila wenzake lazima wakusikie kwanza, basi atumiwe nakala ya kanda kabla ya mwisho wa mwezi. Uliniletea barua hiyo mkononi, ukiwa bado na vipande vya nyuzi kwenye sketi. Uliniambia ukienda utakuwa unarudi kila baada ya miezi sita, na utatafuta mtu wa kunisaidia kumhudumia Mama. Nilikupongeza. Nilikubeba mpaka miguu ikaacha sakafu, utakumbuka. Na wakati huo huo, nikiwa nimekubeba, nilikuwa nahesabu.

Kiharusi kilikuwa kimempata Mama miezi mitano kabla. Tulikuwa tunapokezana, wewe nikiwa kazini, mimi ukiwa kazini. Kumgeuza, kumwogesha, kumlisha kwa kijiko, kubadilisha shuka. Wewe ulikuwa unamfanyia ukimsimulia mambo ya kiwandani. Mimi nilikuwa namfanyia nikiwa nimebana pumzi. Na kuna jambo ambalo sikukwambia wakati ule: nilikuwa nimeshaombewa nafasi ya mafunzo ya mwaka mzima katika mji mwingine, na baada ya hapo kazi katika kituo kipya huko. Niliona wazi kwamba atakayetangulia kuondoka ndiye atakayeondoka. Mwingine atabaki na Mama.

Kwa hiyo nikachelewesha. Nilikuambia mashine ya kunakili ni mbovu, na haikuwa mbovu. Nikakuambia inahitajika saini ya mkuu, na haikuhitajika. Ndipo ikaja amri kutoka ofisini kwamba kanda mpya hazitaagizwa, tuchague kumi na mbili za kufuta. Nilipewa mimi kazi hiyo. Yako haikuwemo, maana ilikuwa na nyota ya Mama Saa. Nilifungua stoo asubuhi, watu wakiwa kwenye mkutano. Niliibandua ile nyota kwa ukucha, taratibu ili isichanike, nikaibandika kwenye kanda ya jirani yake. Nikaipeleka yako kwenye mashine ya kufutia. Haichukui hata dakika moja, Dada. Kuna mvumo, kisha mvumo unakoma. Jumapili iliyofuata ilirekodiwa juu yake mechi ya mpira iliyoisha bila bao.

Jioni ile nilikuja nyumbani nikakuambia kwamba paa la stoo lilivuja. Ulikuwa unamchana Mama nywele. Hukulia. Ukaniona mimi ndiye ninayelia, ukaweka kitana chini ukaja kunishika bega. Uliniambia, "Usijilaumu. Wewe si mvua." Nimeishi na maneno hayo miaka arobaini na mbili.

Okestra ile ilimchukua mtu mwingine. Miezi miwili baadaye mimi nilikwenda kwenye mafunzo yangu, nawe ukanifungia nguo kwenye begi na kunishonea kifungo cha koti kilichokuwa kinaning'inia. Mama aliishi miaka kumi na moja. Nilikuwa nakuja sikukuu, nakaa siku tatu, namletea Mama kanga na wewe mafuta ya nywele, kisha naondoka watu wakinisifu kwamba ni mtoto anayekumbuka kwao. Bendi uliiacha mwaka wa kwanza. Mwaka wa nne nilikusikia ukishona bila hata kuvumisha wimbo, na nilielewa, nikakuuliza kama mashine inahitaji mafuta.

Nimejiambia mambo mengi kwa miaka yote hii. Kwamba nilikuwa kijana. Kwamba huenda wasingekuchukua. Kwamba maisha yako hayakuwa mabaya, ulimpata shemeji, Mungu amrehemu, na watoto wanaokupenda. Yote yanaweza kuwa kweli na hakuna hata moja linalonipasa mimi kulisema. Njia ile haikuwa yangu hata niifunge.

Alhamisi nilirudi. Nilimwomba binti ampigie Mama Saa aje, nikawaeleza wote wawili kama nilivyokueleza hapa. Binti aliinamisha kichwa akawa anavuta mikono ya sweta yake. Mama Saa alinisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza, jambo ambalo hakuwahi kunifanyia katika miaka yote ya kazi yetu. Kisha akasema, "Mimi ulinipotezea kipindi kimoja. Usinililie mimi." Akachukua fimbo yake akaenda kukaa kwenye kile chumba kingine, na sikumwona tena siku hiyo.

Binti ndiye aliyenionea huruma, au labda ni kazi yake tu. Alifungua daftari la bluu, akaniwekea kalamu, akaniuliza kama niko tayari kurekebisha. Nilikata yale maneno ya mvua kwa mstari mmoja, ili yaendelee kusomeka, na chini yake nikaandika: "Ilifutwa na fundi sauti kwa makusudi. Mwimbaji hakujua." Nikaweka jina langu kamili na tarehe ya siku hiyo. Ameniomba pia nikae mbele ya kamera nieleze wimbo ule ulivyokuwa, tangu taa ilipowaka hadi watu wa kwenye mabenchi waliposimama, kwa sababu sasa hauko popote isipokuwa kwenye vichwa vya wazee wachache. Nimemwambia sitafanya hivyo bila ruhusa yako. Wimbo ni wako. Nilishauchukua mara moja bila kukuuliza.

Ndani ya bahasha hii kuna barua nyingine iliyofungwa, ya kitinda mimba wako. Nimemwandikia kwamba mama yake aliimba, kwamba nchi nzima ilimwona, kwamba aliimba peke yake wakati wanaume watatu wenye vyombo wamenyamaza, na kwamba sababu ya kutokuwepo ushahidi ni mjomba wake. Sikumtumia moja kwa moja. Nimeona ni wewe wa kuamua kama watoto wako wanijue hivyo. Ukitaka mpe. Ukitaka ichane. Ukitaka uwasomee zote mbili mezani mbele ya wageni, nayo ni haki yako.

Sikuombi msamaha kwa barua, kwa sababu msamaha wa barua ni rahisi kwa anayeuomba. Nitakuja. Kama hutaki nije, mwambie yeyote kati ya watoto anipigie aseme neno moja tu, nami nitabaki huku bila kinyongo. Nisiposikia kitu hadi mwisho wa mwezi, nitapanda basi la asubuhi nije nibishe hodi, na ukifungua utaniambia lolote utakalo, na mara hii nitasikiliza.

Wasalimie watoto na wajukuu. Msalimie jirani yako mwenye cherehani, na umwambie ile dawa ya magoti aliyoniagizia imenisaidia. Wifi yako anakuombea afya. Nimemsomea barua hii yote kabla ya kuifunga. Alikwenda kukaa nje barazani, na hadi sasa yuko huko.

Mimi mdogo wako,
Masikio